Shangazi Akujibu: Fleti za wazee zimetupendeza, ila mama hasemi kitu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kifungua mimba, tumezaliwa watatu. Mama yetu ana miaka 76 na anaishi peke yake tangu baba alipofariki. Nyumba ni ile ile tuliyokulia, na chumba chake cha kulala kiko juu. Magoti yanamsumbua, kwa hiyo akishashuka asubuhi hapandi tena ngazi mpaka usiku. Anatumia dawa za presha. Vinginevyo anajimudu: anapika, anafua, anashika fedha zake mwenyewe. Sisi sote tunaishi mbali naye, na kila simu inayoita usiku hunishtua nikadhani ni habari zake.

Hivi karibuni mdogo wangu wa kiume alituletea habari za makazi ya wazee wanaojitegemea. Ni jengo la ghorofa sita lenye fleti za chumba kimoja na viwili, lifti, bustani, maktaba, ukumbi wa chakula kwa anayetaka, na gari la kuwapeleka wakazi hospitali na madukani. Tulikwenda sote watatu kupatazama. Meneja alitupokea kwa bashasha, akatuonyesha fleti iliyopambwa vizuri, akatupa mkataba wa kurasa ishirini na kitu tukausome nyumbani. Alisema kwa kodi ile imebaki fleti moja tu, na tukiweka amana kabla ya mwisho wa mwezi atatushikia.

Tangu siku hiyo hatuelewani. Mdogo wangu anataka tulipe leo leo. Dada yetu wa mwisho analia, anasema tunamtupa mama angali hai. Mimi palinipendeza, lakini nikijiuliza nilipenda nini hasa, nakumbuka sakafu inayong'aa, maua, na wazee wawili waliokuwa wakicheza karata kwenye ukumbi. Sidhani kama hicho ni kipimo.

Kuna jambo jingine ambalo wenzangu sijawaambia. Nilipokwenda kumwona mama mara ya mwisho nilikuta sufuria imeungua hadi chini, akasema alisahau jiko, na kwamba si mara ya kwanza. Pia niliona risiti mbili za bili ya maji ya mwezi mmoja. Labda ni uzee tu.

Mama mwenyewe tukimuuliza anajibu, "Fanyeni mnavyoona, wanangu."

Shangazi, mahali kama hapa panapimwaje? Tuulize nini, tutazame nini?

Kifungua Mimba

*

Marahaba mwanangu.

Nitakujibu kuhusu fleti, lakini acha nianze na sufuria, maana hilo ndilo zito kuliko lifti na bustani, nawe umeliweka mwishoni mwa barua kana kwamba ni jambo dogo. Waambie wenzako leo. Mnabishana kuhusu jengo, na mmoja wenu tu ndiye anayejua habari inayoweza kubadilisha uamuzi wote.

Makazi ya aina hii yanatoa nyumba, hayatoi matunzo. Mama atapewa mlango wake, ufunguo wake na jiko lake. Hakuna atakayemkumbusha dawa, kumshika mkono akiingia bafuni, wala kuzima jiko alilolisahau, isipokuwa mkataba uwe umetamka hivyo kwa maandishi. Marekani, ambako makazi haya yameenea sana, kwa kawaida huhesabiwa kuwa nyumba za kupanga kama nyingine. Nyumba zinazomsaidia mzee kuoga na kumeza dawa ni aina nyingine, na hizo ndizo zinazopewa leseni na kukaguliwa na serikali za majimbo. Hata Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee wa huko, hailipi kodi ya fleti hizo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa meneja ni hili: mna leseni ya kufanya nini? Akijibu kwamba wao ni wapangishaji tu, hapana ubaya wowote, ili mradi mjue mnacholipia.

Sasa mama yuko upande gani? Wataalamu wa wazee wana njia nyepesi ya kuliangalia hilo. Mwaka 1963 Sidney Katz na wenzake walichapisha kipimo cha mambo sita ya msingi: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kitandani au kitini, kuzuia haja, na kula. Mwaka 1969 M. Powell Lawton na Elaine Brody walitoa kipimo cha mambo mengine manane yanayohitaji mpangilio zaidi wa akili: kutumia simu, kununua mahitaji, kupika, kusafisha nyumba, kufua, kusafiri, kutumia dawa na kusimamia fedha. Kwa ulivyoandika, yale sita mama anayo. Kwenye yale manane naona mawili yameanza kulegea, kupika na fedha. Na mara nyingi huanza hivyo, haya manane hulegea muda mrefu kabla mtu hajashindwa kuvaa.

Siwezi kumtajia mtu ugonjwa kwa barua, wala wewe usimpe mama jina la ugonjwa kwa sababu ya sufuria. Usahaulifu unaweza kuletwa na tezi ya shingo iliyozorota, upungufu wa vitamini B12, huzuni ya muda mrefu, dawa zinazogongana, na masikio yaliyopungua usikivu humfanya mtu aonekane msahaulifu hata kama si hivyo. Mengi kati ya hayo yanatibika. Inawezekana pia ni mwanzo wa ugonjwa wa kusahau. Akiwa na tatizo linalotibika, fleti ile inaweza kumfaa miaka mingi. Ikiwa ni ugonjwa wa kusahau, mtamhamisha sasa na kulazimika kumhamisha tena muda si mrefu, na mtu anayepoteza kumbukumbu huumia sana kwa kuhamishwa hamishwa. Mpelekeni kwa daktari kabla ya kulipa hata senti, na mbebe dawa zake zote, pamoja na zile anazojinunulia bila kuandikiwa.

Daktari akisema mama anajitegemea, rudini kwenye mkataba. Msianzie mwanzo. Tafuteni kwanza kifungu kinachoeleza mkazi anaondolewa lini, maana hapo ndipo familia nyingi hushtukia mambo zikiwa zimechelewa. Meneja yeyote atawaambia mama atakaa kwa raha. Ninyi mwulizeni: siku atakapohitaji kuvalishwa, itakuwaje? Nani anaamua kwamba hawezi tena kuishi hapa, daktari wake, familia au uongozi? Mnapewa muda gani wa kumhamisha? Mnaruhusiwa kuleta msaidizi wa kumhudumia, na je, msaidizi huyo anaweza kulala humo? Akianza kutumia kiti cha magurudumu, ataruhusiwa kuingia nacho ukumbi wa chakula? Usishangae na swali hilo, kuna mahali sheria za ndani hazitaki vifaa hivyo vionekane ukumbini. Akilazwa hospitali wiki nyingi, kodi inaendelea? Ada ya chakula nayo? Na akifariki (samahani kulitaja, lakini ninyi ndio mtakaokuwa mmebeba funguo), warithi wanalipa mpaka lini, na amana inarudi baada ya muda gani, kwa makato gani? Baadhi ya makazi hutoza ada kubwa ya kuingia iliyo mbali na kodi, na sehemu ya kurudishwa hupungua kadiri mkazi anavyokaa. Kama ipo kwenu, mpeni mwanasheria aisome.

Jibu lolote la mdomo, ombeni liandikwe. Meneja mwaminifu hatakasirika. Akikasirika, mmeshajua jambo moja muhimu bila kulipia.

Kuhusu kodi sitasema mengi, ila ulizeni imepanda kwa kiasi gani kila mwaka katika miaka mitano iliyopita, na kama mkataba unaweka kikomo. Kodi inayoongezeka asilimia 5 kila mwaka, baada ya miaka 10 huwa imezidi ya mwanzo kwa zaidi ya asilimia 60, wakati pensheni au akiba ya mama haitakua kwa kasi hiyo. Pia ombeni orodha ya vyote visivyomo ndani ya kodi, maana gari la hospitali lililotajwa kwenye matangazo linaweza kuwa la siku mbili tu kwa wiki na la kulipia.

Sasa rudini mahali penyewe. Fleti mliyoonyeshwa ilikuwa ya maonyesho. Ombeni kuiona ile ile mama atakayolala, hata kama mpangaji wa zamani bado hajatoa vitu vyake, kwa ruhusa yake.

Nendeni moja kwa moja bafuni na msiwe na haraka. Kaa kwenye choo halafu inuka bila kushika kitu, ukiwaza magoti ya mama. Shika kile chuma cha ukutani kwa mikono miwili na ukivute kwa uzito wako wote. Kikitikisika, au ukisikia kigae kikilia, basi kimefungwa kwenye kigae tu na si kwenye ukuta wenyewe, nacho kitang'oka siku ile ile mama atakapokihitaji. Kama hakuna chuma kabisa, ulizeni nani atakifunga na kwa gharama ya nani. Mwaga maji kidogo sakafuni uone kama yanaenda kwenye tundu la kutolea maji au yanatuama, kisha upite juu yake ukiwa umevaa ndala. Tazama pia pa kuogea: kama lazima mtu anyanyue mguu kuvuka ukingo wa beseni, kwa magoti ya mama hapo ni pabaya kuliko ngazi mnazozikimbia, kwa sababu hapa kuna maji na hakuna reli.

Beba na futi ya kupimia. Upana wa mlango uliofunguliwa, kuanzia ukingo wa mlango hadi kizuizi cha upande wa pili, usipungue sentimita 81, ndiyo kiasi ambacho kanuni za Marekani za watu wenye ulemavu hudai ili kiti cha magurudumu kipite. Kiti hicho kinahitaji duara la kama mita moja na nusu ili kigeuke. Mama leo anatembea, najua. Lakini mnamtafutia nyumba ya miaka kumi, na hamjui atakuwa na hali gani akiwa na miaka 86.

Nasisitiza bafu kwa sababu ya kuanguka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na waliovuka miaka 60 ndio wanaopoteza maisha kwa wingi zaidi. Tena kuanguka kwenyewe ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni muda mtu anaobaki sakafuni. Mzee aliyelala chini zaidi ya saa moja bila kuinuliwa anaanza kukaukiwa maji, mwili unapoa, misuli iliyolaliwa inaharibika, hata kama hakuvunjika popote. Ndiyo maana kengele ya dharura inahitaji kujaribiwa, kuiona tu ukutani haitoshi. Omba ruhusa, ibonyeze, tazama saa. Anakuja nani? Mtu mwenye mafunzo, au mlinzi wa getini atakayepiga simu kama ambavyo mama angepiga mwenyewe? Na saa nane usiku yuko nani? Kamba ya kengele bafuni inafika karibu na sakafu, au imefungwa juu ambako aliyeanguka hawezi kuifikia?

Lifti nayo usiipande tu ukashuka. Muulize mkazi, usimuulize meneja, mara ya mwisho iliharibika lini na ilichukua muda gani kutengenezwa, na umeme ukikatika kuna jenereta inayoiendesha au inawasha taa za ukumbini tu. Ghorofa ya sita bila lifti, kwa mtu wa magoti mabovu, ni kifungo. Kama fleti iliyobaki ni ya juu kabisa chini ya paa, ulizeni pia habari za joto. Mwezi Agosti 2003 joto kali liliua takriban watu 15,000 nchini Ufaransa, wengi wao wazee, na walioishi juu chini ya paa walikuwa miongoni mwa waliokuwa hatarini zaidi. Tembea kutoka mlango wa fleti hadi ukumbi wa chakula kwa mwendo wa mama, siyo wako. Kuna pa kukaa njiani? Kuna taa za kutosha? Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea kama theluthi moja tu ya mwanga unaopokelewa na jicho la kijana wa miaka 20, kwa hiyo korido ambayo wewe unaiona ina utulivu, yeye anaiona giza.

Halafu nenda tena bila kutoa taarifa, jioni au siku ya mwisho wa wiki, wakati meneja hayupo. Usitafute makosa. Keti ukumbini tu utazame. Wafanyakazi wanawaita wakazi kwa majina? Ratiba ya shughuli iliyobandikwa ukutani inafanyika kweli, au chumba cha mazoezi kimefungwa kwa kufuli? Ongea na wakazi. Wale wacheza karata uliowaona watakuambia mengi kuliko kurasa zile ishirini, ukiwauliza maswali ya kawaida: umeishi hapa muda gani, bomba likivuja wanakuja lini, nani aliyehama karibuni na kwa nini. Hilo la mwisho usilisahau.

Dada yako anasema mnamtupa mama. Msimcheke wala msimnyamazishe. Kinachomuuma ni kwamba uamuzi unafanywa bila mama kuwepo, na hapo ana haki. Umeniandikia kwamba mlikwenda kupatazama ninyi watatu. Mama mlimwacha wapi? Mtu wa miaka 76 anayeshika fedha zake mwenyewe hachaguliwi nyumba na watoto akaonyeshwa ikishalipiwa. Akisema "fanyeni mnavyoona" msidhani amekubali. Mzazi husema hivyo anapoogopa kuwa mzigo, au anapoona mmeshaamua na hataki kuwagombanisha. Kaa naye wewe peke yako, bila karatasi za mkataba mezani. Usimuulize kama anataka kuhama. Muulize siku yake inakwendaje: saa ngapi anachoka, nani anapita kumjulia hali, ni wapi ndani ya nyumba anapoogopa. Muulize asingependa kuachana na nini. Huenda ni jirani, ibada, au bustani ndogo nyuma ya nyumba. Fleti isiyomwezesha kufika huko haitamfaa hata ikiwa na maktaba tatu. Huenda pia akakuambia kwamba upweke umemchosha na anatamani kuhama, ila anawaonea haya ninyi. Nimepokea barua za aina hiyo kutoka kwa wazazi wenyewe.

Kisha mpelekeni yeye. Awe anatembea mbele, ninyi nyuma. Makazi mengi hukubali mgeni alale siku chache kwenye fleti ya wageni akijaribu, nanyi ombeni hivyo, angalau alale usiku mmoja na kula mezani na watu asiowajua. Mkiwa hapo msimjibie maswali anayoulizwa na meneja. Mtazame meneja anaongea na nani: anamtazama mama usoni, au anaongea na mdogo wako mwenye hela ya amana huku mama amekaa pale pale? Kwangu mimi hilo lina uzito sawa na bafu.

Kwa mdogo wako, mpe pole, maana naye anasukumwa na hofu ile ile inayokushtua usiku. Lakini tarehe ya mwisho wa mwezi ni ya meneja, si ya mama. Fleti ikienda, nyingine itapatikana. Kama lazima mshikiwe, wekeni amana inayorudishwa yote kwa maandishi, na mkataba wenyewe asaini mama, si mmoja wenu, maadamu akili yake inamtosha kuamua. Wakati huu wa kungoja daktari, fanyeni yaliyo rahisi pale alipo: kitanda kishushwe chini kama kuna chumba, vyuma vya kushikia vifungwe bafuni, kiwekwe kifaa cha kuzima jiko lenyewe likisahauliwa. Na nyumba ya zamani msiiuze wala msiipangishe kwa mkataba mrefu mpaka mama awe amekaa huko miezi kadhaa na kusema mwenyewe kwamba hatarudi.

Niandikie tena ukipata majibu ya daktari. Ikiwa ni tezi au dawa, endeleeni na fleti hiyo kwa maswali haya niliyokupa. Ikiwa ni ugonjwa wa kusahau, wekeni mkataba huo pembeni, kwa sababu mtakuwa mnatafuta aina nyingine ya mahali, na maswali yake nitakuandikia.

Shangazi